Urujuani wa Usambara uzalishwe kwa jani, using'olewe

Mhariri,

Anayeutaka urujuani wa Usambara, ule mmea mdogo wa maua wa milima yetu ya Usambara, kwenye bustani yake ya kivuli hana sababu ya kupanda mlima na panga. Tangu ulipopewa jina la Saintpaulia mwaka 1893, kwa heshima ya mtawala wa Kijerumani wa Tanga, umejaa madirishani Ulaya na Marekani kwa kuzalishwa. Huku kwao ndiko unakopungua, kadiri misitu inavyokatwa. Tena kuung'oa ni kazi bure: mizizi yake ni myembamba kama nyuzi, imejipenyeza kwenye nyufa za miamba, na hukatikia humo humo.

Omba jani moja kwa mwenye nao. Chukua la mzunguko wa pili au wa tatu kutoka katikati. La nje kabisa limezeeka. Kata kikonyo mshazari kwa wembe safi, ubakize sentimita 3, kisha uchomeke sentimita 1 tu. Kikizama sana, watoto huchelewa kutokeza. Funika kwa chupa ya maji iliyokatwa kitako, kizibo kikiwa wazi. Mizizi huota kwa wiki 3 au 4, na watoto huonekana kati ya wiki ya 6 na ya 10.

Kinachowashinda wengi ni udongo. Ule wa bustani, hata uwe mweusi wa kupendeza, hushindilia chunguni na kufukuza hewa. Changanya makopo 2 ya makumbi ya nazi yaliyochambuliwa laini, kopo 1 la mchanga mnene wa mtoni, na kopo 1 la mkaa uliovunjwa kama punje za mahindi. Makumbi ya pwani mara nyingi yana chumvi, maana hufukiwa ufukweni yalainike. Yaloweke siku nzima, mwaga maji, rudia mara 2. Chungu kiwe kidogo, upana wake theluthi ya upana wa mmea. Kikubwa hutunza maji ambayo mizizi haiyafikii, na kuoza huanzia hapo.

Mwagilia udongo ukikauka juu. Maji yaliyo baridi kuliko hewa yakidondokea jani huacha madoa yasiyofutika. Watu hudhani ni ugonjwa wakaenda kununua dawa! Na mmea unaonyauka ilhali udongo umelowa hauna kiu, mizizi imeoza. Kuuongezea maji ni kuumaliza. Okoa jani lililo zima uanze upya.

Kivuli si giza. Chini ya mwembe uliofunga, vikonyo hurefuka na maua hayaji. Baraza la upande wa mashariki linafaa, jua la asubuhi likichujwa na pazia au majani. Joto likizidi nyuzi 30, vichomozo vya maua hudondoka, kwa hiyo wa Dar es Salaam waushushe karibu na sakafu, juu ya sinia la kokoto na maji, kitako cha chungu kisiguse maji. Vidung'ata, wadudu wadogo weupe kama pamba, wafutwe kwa pamba yenye spiriti.

Wenye bustani za kuuzia miche wamweleze mnunuzi mmea umezalishwa wapi. Naye auchomoe kidogo chunguni kabla ya kulipa: uliokulia humo huja na bonge zima la mizizi, ulioletwa kutoka msituni hutoka mtupu.

Mkulima wa maua,
Muheza, Tanga