Tezi dume: muulizeni na shangazi

Ndugu Mhariri,

Katika safu yenu ya afya, msomaji aliyeuliza chanzo cha saratani ya tezi dume alijibiwa kwamba huwapata wanaume wenye "homoni nyingi za kiume". Kijiweni kwetu, Ngamiani, jibu hilo lilizua vicheko. Mwenye watoto tisa akaambiwa ajiandae. Mwenye mmoja akajipongeza. Nilicheka nao, lakini nilirudi nyumbani sina raha.

Dhana hiyo haikutoka hewani. Mwaka 1941, huko Chicago, Charles Huggins na Clarence Hodges walionyesha kwamba wagonjwa ambao saratani ilikwisha kusambaa walipata nafuu walipoondolewa korodani, kwa sababu seli za saratani hiyo hulishwa na testosteroni, homoni kuu ya kiume, inayotengenezwa zaidi na korodani. Huggins alipata Tuzo ya Nobeli mwaka 1966, na sindano za kuzima homoni wanazochomwa wagonjwa leo zinafuata njia hiyohiyo. Ila kuulisha ugonjwa uliokwisha kuota ni jambo moja, kuuotesha ni jingine. Mwaka 2008 watafiti walikusanya pamoja tafiti 18 zilizopima damu ya wanaume kabla hawajaugua. Waliokuja kuugua walikuwa 3,886, na waliolinganishwa nao 6,438. Testosteroni haikuwatofautisha. Mwaka 2018 wakarudia kwa watu wengi zaidi, wakakuta kwamba waliopungukiwa hatari ni wale tu wenye testosteroni huru (ile isiyoshikamana na protini za damu) ya chini kabisa, yaani mmoja katika kila kumi. Kwa waliobaki, kuwa nayo nyingi hakukuongeza kitu. Ni mambo ya kibaba: kikishajaa, mchele unaozidi kuumimina unaishia mkekani.

Sasa mwenye watoto tisa anahofu bure, na mwenye mmoja amelala usingizi asiostahili, maana hakuna aliyewauliza baba zao walikufa kwa nini.

Umri ukishauweka kando, swali kubwa ni la ukoo. Utafiti wa mapacha wa nchi za Nordiki, kaskazini mwa Ulaya, uliotolewa mwaka 2016, ulikadiria kwamba asilimia 57 ya tofauti ya hatari ya saratani hii kati ya mtu na mtu inatokana na kurithi. Mwanamume ambaye baba au ndugu yake wa kiume aliugua, hatari yake ni kama maradufu. Tena si upande wa wanaume peke yake. Hitilafu katika jeni ya BRCA2, inayojulikana zaidi kwa saratani ya matiti na ovari, humwongezea mwanamume hatari ya saratani ya tezi dume, hasa ile inayokwenda mbio. Anaweza kuirithi kwa baba au kwa mama. Kwa hiyo shangazi au mama mdogo aliyefariki kwa titi ni habari inayomhusu kijana wa kiume pia.

Lakini habari hizo tutazipata wapi, Mhariri, na sisi ndio tunaozizika? Baba yangu alipofariki tulitangaza msibani kwamba ni figo. Figo zilikufa kweli, ila kilichoziua ni tezi iliyoziba mkojo, na saratani ilikwisha kufika mifupani. Tuliona haya kuutaja mpira wa mkojo mbele ya wakwe. Miaka ya nyuma mdogo wake alifariki kwa "kiuno". Sikuwahi kuuliza ni kiuno gani hicho kinachomlaza mtu miezi saba hadi kaburini.

Naomba safu hiyo irekebishwe, na mwandishi awaambie wenye historia hii katika ukoo wamwone daktari mapema, kwenye miaka 40 hadi 45, wasingoje mkojo ukatae. Awaeleze pia kwamba kipimo cha PSA, yaani protini inayotoka kwenye tezi dume, ni cha damu, kwa kuwa wengi wanakikimbia wakidhani kinaanza na kidole cha daktari kwa nyuma, na kwamba PSA ikiwa juu si lazima iwe saratani. Tezi iliyokua kwa uzee tu huipandisha, na maambukizi pia.

Sisi tumezaliwa wanaume watatu. Mimi nimepima. Anayenifuata alipima mwezi uliopita, baada ya kumweleza ukweli wa kifo cha mzee, na akanuna wiki nzima kwamba nilimficha. Wa mwisho anasema ataenda baada ya mfungo.

Msomaji wenu,
Ngamiani, Tanga