Ile Nyota Uliyoniuliza

Muscat, Ijumaa jioni

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na watoto. Sisi huku joto tu, lakini alhamdulillah.

Umeniandikia kwamba wanafunzi wako wameona picha ya Mzungu wa zamani, kifuani kavaa nyota kubwa ya Zanzibar, wakakuuliza kaipataje. Swali lao limenikaa rohoni tangu juzi.

Ile ni nishani ya al-Kawkab al-Durri, Nyota Inayong'aa. Sisi tuliokaa chuo kimoja, najua maneno hayo umeshayatambua: yamo katika Aya ya Nuru ya Kurani. Aliyeianzisha ni Sayyid Barghash bin Said, Sultani wa Zanzibar aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Mwaka 1873 Waingereza walimbana mpaka akatia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa. Miaka miwili baadaye akaenda Uingereza, akapokewa na Malkia Victoria. Wafalme wa zama zile walikuwa wakivishana nishani, na mimi naamini Barghash alitaka Zanzibar nayo iwe na mkono wa kutoa, isiwe ya kupokea tu. Dola yetu ilikuwa ndogo, lakini mgeni aliyeitumikia aliondoka na kitu chenye jina la Sultani.

Nimewahi kuishika moja. Mzee jirani yetu hapa aliinunua mnadani, anaiweka ndani ya kisanduku cha mahameli kilichochujuka rangi. Ni nzito kuliko nilivyodhani. Miale imetoka pande zote, na katikati lipo jina la Sultani kwa Kiarabu, herufi zimesokotana hata ukikodoa macho huzisomi mara moja. Nyuma ina pini ndefu, imepinda kidogo. Nikawa naitazama ile pini tu, nafikiria ilitoboa koti la nani.

Maana waliovaa hawakufanana. Chukua Lloyd Mathews. Alikuwa afisa wa jeshi la majini la Uingereza, na mwaka 1877 akapewa kazi ya kumuundia Barghash jeshi. Akabaki Unguja, akawa Waziri Mkuu wa kwanza mwaka 1891, na malaria ikamuua hukohuko mwaka 1901. Kaburi lake liko nje ya mji. Unaweza kumlaumu kwa mengi, kwani mtumishi wa Sultani ndiye huyohuyo aliyesimamia mambo ya Waingereza, lakini angalau mauti yalimkuta kwetu.

Sasa njoo kwa yule anayeniuma, Admirali Harry Rawson wa Uingereza. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad alifariki ghafla, na Khalid akaingia kasri kushika kiti bila idhini ya Waingereza. Khalid huyu, shoga, ni mtoto wa Barghash. Mtoto wa kumzaa. Asubuhi ya tarehe 27, saa tatu na dakika mbili, manowari za Rawson zikafungua mizinga. Dakika 38, basi. Watu kama 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Meli ya Sultani, Glasgow, ikazama palepale bandarini, na milingoti yake ikabaki imechomoza majini mpaka 1912. Fikiria mtoto aliyezaliwa mwaka ule: alikua mpaka akabaleghe, kila akienda pwani anaiona.

Siku ileile Waingereza wakamkalisha Hamoud bin Mohammed kwenye kiti cha Usultani. Na Rawson baadaye akapewa Nyota Inayong'aa, daraja la kwanza. Arthur Raikes, aliyeongoza askari wa Kizanzibari waliokuwa upande wa Waingereza, yeye alivishwa Septemba ya mwaka huohuo.

Yaani nyota aliyoiasisi baba, ikaenda kifuani kwa aliyempiga mizinga mwanawe. Sina neno jingine la kuliita jambo hili ila dhuluma. Hamoud alikuwa na hiari gani ya kukataa? Aliyemkalisha ndiye aliyekuwa akingoja nishani. Khalid alikimbilia kwa Wajerumani, wakampeleka Dar es Salaam. Waingereza wakamkamata mwaka 1916, wakampeleka Shelisheli na Saint Helena, akaja kufia Mombasa mwaka 1927.

Kwa hiyo wanafunzi wako waambie Wazungu wote wawili, usiwafiche hata mmoja. Waambie alivyozikwa Mathews, na waambie alivyopewa Rawson. Kisha wapeleke Forodhani, wasimame wautazame ule upande wa kasri na Beit al-Ajaib, wahesabu kwa saa dakika 38 kimyakimya. Najua watoto hawakai kimya muda wote huo, lakini wakiweza hata kumi watauona urefu wake.

Na wewe nakuomba kitu. Waulize wazee wa mtaani kwako kama kuna aliyesikia kwa bibi yake jina la hata mmoja kati ya wale 500. Mimi namjua Rawson na cheo chake, na meli yake St George naijua, lakini wa kwetu simjui hata mmoja kwa jina. Ukimpata, niandikie siku hiyohiyo.

Nisalimie mama, mwambie halua yake nitaileta mwenyewe, inshallah.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa chuoni