Hospitali mpya zisiwekewe mabomba ya naitrasi oksaidi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wanaochora na kuidhinisha ramani za hospitali zetu mpya waache kutandaza mabomba ya gesi ya naitrasi oksaidi hadi vyumba vya upasuaji.

Gesi hii, ambayo sisi watoa dawa za usingizi huichanganya na dawa nyingine za kuvuta, haitumiki mwilini ikaisha: mgonjwa huitoa karibu yote kwa pumzi, nayo hukaa angani zaidi ya miaka 100 ikiila ozoni, tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Kilo 1 hupasha dunia joto sawa na kilo 273 hivi za hewa ukaa. Hata hivyo, linaloniuma zaidi ni ile isiyomfikia mgonjwa yeyote.

Katika hospitali moja niliyofanyia kazi, mitungi ilifungwa minyororo kwenye kibanda nyuma ya jengo. Ijumaa moja jioni nilisoma geji kabla ya kuondoka; Jumatatu asubuhi, ilhali hakuna aliyepewa nusu kaputi siku hizo mbili, mshale ulikuwa umeshuka. Fundi alipaka maji ya sabuni kwenye viungio, mapovu yakaibuka mahali pawili. Alikaza nati, na mwezi uliofuata mapovu yakaibuka kwingine. Hospitali za Edinburgh, Scotland, nako, pamoja na mafundi na fedha walizonazo, walipopima walikuta sehemu kubwa ya gesi waliyonunua ilipotea njiani, wakaanza kuyafunga mabomba hayo na kutumia mitungi midogo.

Mabomba hayo yana hatari nyingine ambayo sina budi kuitaja. Mwaka 2016 mjini Sydney, Australia, mtoto mchanga alifariki kwa sababu bomba lililodhaniwa kuwa la oksijeni lilikuwa likitoa naitrasi oksaidi.

Siombi gesi hii ipigwe marufuku. Anayeihitaji apewe kutoka mtungi mdogo uliofungwa kwenye mashine, ambao vali yake hufungwa kazi ikiisha. Na akina mama wengi wanaojifungua kwa upasuaji huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, hawaihitaji kabisa. Bomba la oksijeni libaki, tena liimarishwe. Hili la naitrasi oksaidi lifutwe kwenye michoro kabla zabuni hazijatangazwa, kwa maana likishafukiwa ukutani hakuna atakayekubali kulipia kulibomoa.

Mtoa dawa za usingizi,
Morogoro