Wanaouza "ute wa magoti" waulizwe ushahidi

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wenye wazazi wanaosumbuliwa na magoti.

Mama yangu ana miaka 68, yuko Muheza. Mwezi wa kwanza alipitiwa nyumbani na muuza virutubisho, akamshika goti, akamwambia ute umekauka na gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, limesagika, ila chupa tatu zitarudisha kila kitu. Mama akauza mbuzi wawili. Nilipokwenda Pasaka nilikuta chupa ya tatu kwenye kabati la vyombo, imebaki vidonge tisa, naye bado anashuka ngazi za baraza kinyumenyume, ameshika nguzo.

Lebo ilisema glukosamini na kondroitini, vitu ambavyo kwa asili vimo kwenye gegedu. Vitu hivi vimeshapimwa. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006 ulihusisha wagonjwa 1,583 wa magoti ya kusagika. Kwa jumla, waliomeza glukosamini, kondroitini au vyote kwa pamoja hawakuwazidi kwa nafuu wale waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwongozo wa madaktari bingwa wa viungo wa Marekani wa mwaka 2019 unashauri kabisa glukosamini isitumike kwa ugonjwa huu.

Hasara ya mbuzi inauma, lakini kinachoniuma zaidi ni kwamba muuzaji hakuuliza mama anameza dawa gani nyingine. Kwa anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda, glukosamini inaweza kumsababishia kuvuja damu. Na ipo hatari kubwa zaidi: mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kuhusu Artri King, iliyouzwa kama kirutubisho cha viungo, baada ya kuikuta na diklofenaki (dawa ya maumivu) na deksamethasoni (dawa ya steroidi) ambazo lebo haikuzitaja. Ukimeza hizo maumivu yatatulia, utaisifia kwa majirani, huku tumbo na sukari ya damu vinaharibika.

Mtaalamu wa fiziotherapia alimpa mama kazi isiyo na gharama. Akae kitini, anyooshe mguu, ahesabu hadi kumi, aushushe taratibu. Kisha ainuke bila kushika kitu. Misuli ya paja ikikaza, goti linapata msaada. Akamwambia apunguze na mwili, maana kilo moja ikitoka, goti linapumzishwa kilo nne hivi kila hatua. Jioni bado linamuuma. Ila wiki ya nane sasa anashuka zile ngazi akitazama mbele.

Waandishi wako wa afya watuandikie mazoezi haya, kwa picha. Na redio zinazopokea matangazo ya kurudisha ute ziwadai wauzaji ushahidi kabla ya kupokea hela zao.

Msomaji wako,
Tanga