Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Mwaka wa Maji Machache

Wanachama wenzangu wa chama chetu cha uvuvi wa ndoano,

Hesabu atazisoma mweka hazina, na daftari liko wazi kwa kila mmoja wenu. Ada zimelipwa vizuri, asanteni. Muda niliopewa nautoa kwa mito yetu.

Trauti, samaki wa maji baridi tunayemvua, ni mgeni hapa. Mlowezi Mwingereza Ewart Grogan ndiye aliyemleta kwenye milima ya Aberdare, hapa Kenya, mwaka 1905, akamwachilia katika mto Gura. Samaki huyo akakubali kukaa kwa sababu maji ya milima yetu ni baridi na yana hewa. Maji yakikaribia nyuzi 20 anaacha kula, na yakizidi hapo anataabika.

Kiangazi cha mwaka huu kilikuwa kirefu. Vijito vilinywea hadi mawe yakaota vumbi mgongoni, na samaki wakasongamana kwenye vidimbwi. Hapo ndipo baadhi yetu walirudi na furaha, wakisema mto haujawahi kutoa hivi. Nawaombeni tuelewane: samaki aliyekosa pa kukimbilia hushikwa upesi. Kapu lililojaa wakati wa ukame ni habari mbaya.

Nililala kifudifudi kando ya kidimbwi kisichozidi upana wa mlango, nikatazama kwa saa nzima. Trauti mkubwa alikuwa mbele kabisa, nyuma ya jiwe, kichwa kikielekea maji yanakotoka. Hapo mkondo haumchoshi, na wadudu wanaoletwa na maji humpitia puani. Anasogea kiganja kimoja kushoto, kinywa kinafunguka mara moja tu, anarudi palepale. Wadogo walipangana nyuma yake kwa ukubwa; aliyethubutu kusogea alifukuzwa mpaka mwisho wa kidimbwi. Jioni kijana mmoja wetu akamvua yule mkubwa. Asubuhi yake nikakuta wa pili ameshika jiwe. Ndiyo maana mvuvi hudhani samaki wa mahali pale hawamaliziki: kila siku anampata mmoja, na kila siku ni mdogo kuliko wa jana.

Wale wenyeji wa kweli nao tusiwasahau, vijisamaki wanaotembea kwa makundi, na kambare mdogo wa mlimani anayejibana chini ya mawe. Wengi wetu tulianzia kwao, kwa uzi, ndoano na nyungunyungu. Geuza jiwe ukimtafuta, kisha ulirudishe lilivyokuwa, maana hilo ndilo paa lake.

Kwenye kijito kimoja tulikuta pampu inafyonza maji yote usiku, na chini yake changarawe imekauka. Tumelipeleka jambo hilo kwa chama cha watumiaji maji cha eneo lile. Bado tunafuatilia, na sitachoka.

Kamati imekubaliana hivi. Wakati wa kiangazi tutavua alfajiri hadi saa nne, na maji yakifika nyuzi 19 tunakunja fimbo za kuvulia. Kile kijino cha nyuma ya ncha ya ndoano kiminywe kwa koleo, samaki atoke bila kuchanika. Lowesha mikono kabla ya kumshika. Ule utelezi wa mwilini ndio kinga yake. Na mkiona changarawe iliyofukuliwa ikang'aa kuliko inayoizunguka, msiikanyage, kuna mayai chini.

Vipimajoto viwili vimeshanunuliwa. Anayehitaji amwone katibu kabla hatujatawanyika.