Barua kwa mwanangu: hiyo mashine ya theluji usiiuze, fungua kabureta kwanza

Mwanangu, mama yangu, salamu toka huku Mwanga, Kigoma. Sisi wazima, mama yako kashuka Kibirizi kwenye dagaa zake, mvua zimeanza. Voisi zako zote nimesikiliza na ile video ya mashine nimeirudia mpaka bando limekata, nimeona bora nikuandikie kabisa maana kwenye simu tunakatikiana na mambo ya injini ukiyasikia nusunusu unaharibu.

Hiyo injini naijua vizuri. Ni silinda moja, foo stroki, kamba ya kuvuta, kabureta (inapochanganyikia petroli na hewa) ubavuni, ni ndugu kabisa na hizi jenereta ndogo na pampu za kumwagilia wanazoniletea hapa dukani. Huko inazungusha mapanga ya kurusha theluji, huku inawasha taa, ila ndani ni kitu kimoja.

Sasa sikiliza. Umesema inawaka ukiweka choki, ukirudisha choki inazima, na ikikubali kidogo inapanda inashuka, inapanda inashuka. Hapo injini yenyewe imeshakwambia ugonjwa. Choki kazi yake ni kuziba hewa ili petroli ivutwe zaidi, sasa kama haiwezi kuishi bila choki ujue petroli inayofika ni kidogo. Na ule mlio wa kupanda na kushuka ni gavana, kile kidhibiti spidi, inahangaika: spidi ikishuka gavana inafungua njia, injini inapata mafuta inaruka juu, gavana inafunga, inakosa tena, basi hivyo hivyo. Kwa hiyo huyo jirani anayekwambia ukaze springi ya gavana mshukuru kwa moyo wake lakini usifanye. Injini kama hizo huwa zimesetiwa zisizidi kama mizunguko 3600 kwa dakika, ukilazimisha zaidi koni rodi, chuma kinachoshika pistoni, inaweza kukatika ikatoboa bloku, yaani mwili wa injini, na hapo hakuna fundi wa kukusaidia, wala mimi.

Ugonjwa ni petroli iliyolala. Huko Marekani petroli nyingi ya vituoni ina ethanoli mpaka asilimia 10 na ethanoli inavuta maji ya hewani, alafu mashine yenyewe inakaa toka mwezi wa 4 mpaka wa 11 haijaguswa. Petroli inapungua nguvu, inayobaki inageuka gundi ya rangi ya chai, na ile gundi inaenda kukaa penye tundu dogo kuliko yote, yaani kwenye jeti.

Fanya hivi. Toa mashine nje ya garaji, nakuomba sana hili, hata kama baridi inakuuma, usiiwashe ndani hata mlango ukiwa wazi, ule moshi una kaboni monoksaidi haina harufu na inaua. Iache ipoe kabisa, chomoa kofia ya plagi, funga koki ya petroli, kama haina koki bana paipu. Petroli ya zamani imwage yote kwenye dumu, usiichanganye na mpya kwa kuonea huruma hela.

Chini ya kabureta kuna bakuli limeshikwa na bolti moja, mara nyingi spana namba 10. Lifungue ukiwa umeweka chombo chini. Ukikuta uchafu wa kijani au vitone vya maji vinakimbia chini ya petroli usishangae. Katikati panapoingia ile bolti ndo ilipo jeti kubwa, tafuta bisibisi bapa inayoenea vizuri maana ni shaba laini, bisibisi ndogo itakula mdomo wake. Ukiitoa inyanyue kwenye mwanga uchungulie. Ikiwa safi unaona tundu la duara kamili, kali, kama nyota. Ukiona mwanga umekatwa pembeni au una ukungu, bado hujamaliza. Pulizia spray ya kabureta, pitisha uzi mmoja wa waya wa shaba uliochomoa kwenye waya wa umeme, usitumie sindano wala waya wa chuma, tundu likipanuka hata kidogo mashine itakunywa mafuta na kutoa moshi mweusi. Vaa miwani wakati wa kupuliza.

Ila jeti ndogo ndiyo inayoangusha wengi. Watu wanasafisha ile kubwa wanafunga, ikigoma wanasema kabureta imekufa. Kwa injini nyingi za aina yako, ukifungua ile skrubu ya sailensa, ya mlio wa chini injini ikiwa haina kazi, kuna kijiti cha plastiki, ndiyo jeti ndogo yenyewe, kinyanyue taratibu, nchani kwake kuna tundu ambalo hata unywele unapita kwa shida. Hapo ndipo penye huo ugonjwa wako. Kabla hujaifungua hiyo skrubu, izungushe taratibu kuingia ndani ukihesabu mizunguko mpaka iguse, andika, ndo uifungue, ili wakati wa kurudisha ujue ilipokuwa.

Plagi ipige brashi, mwanya 0.7 mpaka 0.8 mm. Oil ya huko iwe nyepesi, 5W-30, siyo hii namba 40 tunayoweka huku, kwenye baridi itaganda kamba isivutike. Tapeti, zile za kuseti valvu, usiziguse kwa sasa.

Kitu kingine, usihangaike kutafuta eya klina, lile chujio la hewa, mashine nyingi za theluji hazina maana theluji ingeingia ikaganda ikaziba hewa. Na lile bati linalofunika kabureta lirudishe, linaletea kabureta joto la ekzosi, bomba la moshi, isigande barafu. Kuseti sailensa subiri siku ya baridi yenyewe, injini ikiwa imenguruma dakika tano, kwasababu hewa ya baridi ni nzito inataka petroli zaidi, ukiseti siku ya joto utarudia kazi.

Theluji ikikwama kwenye mdomo wa kurushia usiingize mkono hata kama injini imezimwa, panga linaweza kuwa limekazana likageuka lenyewe. Tumia mti. Na zile pini za mapanga zikikatika nunua zilezile, zimetengenezwa zikatike ili giaboksi ipone, ukiweka bolti ngumu jiwe moja tu umeua giaboksi.

Msimu ukiisha petroli itoe yote, iache iungurume mpaka ijizimie. Unaikumbuka meli ya Liemba ulivyokuwa unaingoja bandarini? Wajerumani walipoizamisha 1916 karibu na mdomo wa Malagarasi walizipaka injini grisi nzito kwanza, Waingereza wakaja kuiopoa 1924 na 1927 ikarudi kazini. Miaka yote ile majini na injini zikafaa, kwasababu mtu alizilaza vizuri kabla ya kuondoka. Yako inalala garajini miezi saba tu mama.

Jumamosi ukifungua nitumie picha ya jeti zote mbili ukiwa umezishika kwenye mwanga, usifunge bakuli kabla sijajibu. Na ukiwasha rekodi kuanzia kamba ya kwanza, simu uielekeze upande wa ekzosi nisikie ukirudisha choki inafanyaje.

Baba yako