Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu na kura ya daraja

Ndugu wanachama, wazee wangu, akina mama na vijana wa bodaboda, mwakeye. Mambo ya kawaida ya chama napita nayo haraka maana mengi katibu alishawaambia: ada zimeingia vizuri kuliko mwaka jana, mfuko wa misiba umefanya kazi yake, na hesabu za mweka hazina zimebandikwa ofisini kila mtu akajisomee. Kilichotuchukulia mwaka mzima ni hii njia yetu ya kushukia kwenye lami ya Mwandiga–Manyovu na ule mto wa katikati, tunaotaka mkutano mkuu wa kijiji upige kura tuujengee daraja la mawe kwa michango yetu.

Hali mnaijua. Mvua zetu zinaanza Oktoba mpaka Mei, na maharage ya msimu wa kwanza tunavuna Januari, yaani mzigo unatoka shambani wakati mto umejaa na yale magogo ya kuvukia yameshasombwa, basi mlanguzi anakaa zake ng'ambo anakusubiri ufike na gunia kichwani umechoka alafu anataja bei anayotaka yeye, utakataa urudi nalo? Ndizi ndo kabisa, zinaivia njiani. Na mama mjamzito tunambeba kwa machela mpaka avuke ndo apate gari, hili linaniuma kuliko yote.

Kila kitongoji tulichopita kuomba watu waje kupiga kura ya mchango, swali lilikua lile lile, si tunalipia barabara kwenye mafuta tayari? Kweli tunalipa, na bodaboda wanaijua vizuri. Mfuko wa Barabara upo tangu 1998, unapata tozo kwenye kila lita ya petroli na dizeli, na 2021 ikaongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara za TARURA, yaani Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini. Lakini TARURA wenyewe, walioanza 2017, wana mtandao wa zaidi ya kilomita 144,000 na nyingi ni za udongo, na sehemu kubwa ya hela ya Mfuko kisheria ni ya matengenezo. Alafu njia yetu ni ya kijiji tu, haimo kwenye mtandao wao, na njia isiyokuwemo haipangiwi bajeti ya kuchongwa wala karavati. Ndo maana tunaitaka hii kura. Tukipitisha, kijiji kinapata muhtasari wa mkutano mkuu wa kuombea njia iingizwe, tena ukionesha wananchi wamekubali kuachia eneo na kuchangia mawe, mchanga na pesa ya saruji.

Kuhusu daraja la mawe, wapo wanaosema hilo ni la watu waliokosa hela ya zege. Hapana jamani. Mkoa wetu wa Kigoma una madaraja ya namna hiyo mengi, TARURA wameyajenga, Wabelgiji wa Enabel, shirika lao la maendeleo, wakasaidia, na magari ya mizigo yanapita juu yake. Upinde wa mawe unabeba kwa kubanana, jiwe linasukuma jiwe mpaka kwenye kuta za pembeni, kwa iyo nondo hazihitajiki kwenye upinde na hapo ndo gharama inaposhuka sana. Fundi anaweka mbao za kushikilia, anapanga mawe na saruji, ikishakomaa mbao zinatolewa. Na mawe tunayo, milima yote hii!

Wanaopinga tusiwatukane. Mzee mwenye michikichi pembeni ya njia ana haki ya kulalamika, mchikichi unakaa miaka ndo uanze kukupa mawese, huwezi kumwambia akate tu kisa maendeleo. Kamati tumekubaliana njia ikwepe pale inapowezekana, na pasipowezekana chama kitamnunulia miche bora ya michikichi ya TARI Kihinga, kile kituo cha utafiti wa kilimo, na vijana watampandia. Wengine wanaogopa kwa sababu walishachanga huko nyuma na hawakuona kitu, hao nawaelewa kabisa, kwa iyo pendekezo letu ni kwamba hela iingie akaunti ya kijiji, kila anayetoa apate stakabadhi, kamati ya ujenzi ichaguliwe na mkutano wenyewe, na mapato na matumizi yasomwe kila baada ya miezi mitatu mbele ya watu wote.

Kilichotukwamisha mwaka huu ni mahudhurio. Mkutano uliitishwa watu wakaenda mashambani na mnadani, akidi haikutimia tukarudi nyumbani. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi aliyefika miaka 18, mume hampigii mke kura, na akina mama ndo wabebaji wakubwa wa mizigo kuvuka ule mto, naomba sana mje wenyewe na mnyooshe mikono. Vijana mlioko Mwanga na Ujiji ambao makazi yenu bado ni hapa, njooni pia.

Mtendaji akishabandika tarehe ya mkutano, pikipiki za wanachama zitawafuata wazee na walemavu bure, mafuta chama kitalipa. Mwenye mawe kwenye shamba lake au mwenye tela la kuyabebea ajiandikishe kwa katibu kuanzia leo, na kila balozi apite nyumba kwa nyumba kwenye eneo lake kabla ya siku yenyewe.